Aliyefyeka Njia Anadai Nini?

Sisi tuandikao maneno haya twafundisha shule huku Tandale, na mtu akaaye Tandale hahitaji kalenda kumwambia kwamba Jumamosi imeingia. Singeli humwambia. Jua likisha kuchwa, vijana hupanga spika zao penye uchochoro, nyaya zikapitishwa juu ya mabati, na muziki ukaanza, muziki wa mbio ambao hata mtu mzima aliyeketi kitini moyo wake humwenda kasi kama aliyefukuzwa na mbwa. Wako watu wa mtaa wetu waulaanio. Sisi hatuulaani, wala hatujajifunza kuupenda barabara. Lakini tumekaa nao miaka mingi, na mtu humjua jirani yake hata kama hakumchagua.

Basi Jumatatu moja, kabla ya kengele, tulimkuta msichana wa darasa la saba akifagia chumba huku akiimba kwa mwendo ule ule wa vijana wa uchochoroni, maneno yakifuatana bila kuvuta pumzi, na ufagio wake ukipiga mapigo sakafuni. Alikuwa akiimba vizuri. Hilo ndilo tulilolisikia kwanza; walakini tulilolisema kwanza lilikuwa jingine. Tulimwambia, "Acha hayo. Hiyo ni kazi ya wavulana, tena wavulana wasio na kazi. Msichana mwenye heshima zake haimbi hivyo." Akaacha mara moja. Kisha akaweka mikono nyuma, akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Kwani hakutokea mwanamke aliyetangulia?"

Tulifungua kinywa tumjibu. Majina ya wanaume yalikuwa tayari ulimini: Msaga Sumu, ambaye vijana humwita mfalme wa singeli, na Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale hii hii, ambaye jina lake limevuka mipaka ya Afrika. Jina la mwanamke halikuja. Msichana alingoja kadiri adabu inavyotaka, kisha akasema, "Basi hakuna," akarudia kufagia, safari hii kimya.

Maneno yale mawili yalitunyima usingizi. Yalikuwa uongo, wala si yeye aliyeutunga. Sisi ndio tuliomfundisha, na tulimfundisha kwa kunyamaza. Mwalimu aweza kufuta ubaoni neno alilokosea kuliandika, lakini lile ambalo hakuliandika kabisa atalifuta kwa kitambaa gani? Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea wasomaji swali lililotusumbua, ili watusaidie kulipima. Mtu aliyefyeka njia, je, anawadai kitu wale wapitao baada yake? Na ikiwa anadai, naye amekwisha kuzikwa, deni lake hupokewa na nani?

Swali hili halipimiki hewani. Tumchukue aliyefyeka, tumtazame panga likiwa mkononi mwake.

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa binti Saad. Jina lenyewe laeleza hali ya watu aliotoka kwao. Hakupelekwa shule. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Naye akafinyanga vyungu, akavitembeza kwa miguu hata mjini, na ili watu wapate kujua kwamba vyungu vyapita akapaza sauti njiani. Yamkini sauti ile ilifika mbali kuliko vyungu. Mwaka 1911, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, akafundishwa naye kuimba kwa taratibu za muziki wa Kiarabu.

Msomaji azingatie taarab ilivyokuwa zamani zile. Ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya vyama vya wanaume, na maneno yake yalikuwa Kiarabu, hata wengi waliosimama nje kusikiliza walisikia utamu bila kujua ulisema nini. Mwanamke mwuza vyungu, tena wa kizazi cha watumwa, hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Siti, na hilo ndilo jina la heshima alilopewa badala ya Mtumwa, hakukaa akibisha hodi. Alitoboa ukuta. Aliiimba taarab kwa Kiswahili, akaifikisha kwa watu wa Ng'ambo, wachukuzi na wapishi na wauza samaki, nao kwa mara ya kwanza wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa kwa udi na fidla. Wapigaji wa kundi lake walikuwa wanaume, na aliyewaongoza alikuwa yeye. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine za His Master's Voice, na Siti ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani ya santuri. Kufikia mwaka 1931 sahani za kundi lake zilizokwisha kuuzwa zilipita 70,000. Kampuni nyingine za Ulaya zilipoona faida hiyo nazo zikaja kutafuta waimbaji wa pwani.

Yako mambo mengi katika maisha yake, lakini liko moja ambalo sisi tukaao Dar es Salaam yatupasa tulijue kuliko wote. Mgeni mmoja, mwanamke wa mji wetu huu, alikwenda Unguja kutembea. Usiku mmoja alitoka na wenyeji wake kwenda katika ngoma, na humo akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji alivuka akatorokea bara. Shauri likaletwa mbele ya hakimu, na waliotiwa hatiani ni wale wanawake wenyeji waliotoka na mgeni. Mwuaji amekwenda zake, na waliolia msiba ndio waliofungwa. Siti akaliimba jambo hili, na wimbo ule ukaitwa kwa jina la mwuaji, ili jina lake lisipate mahali pa kujificha. Hapo palipokosekana hakimu wa kumpata, lilipatikana koo. Nasi twauliza: ni kazi gani hiyo? Je, ni burudani? Tulipomwambia msichana wetu kwamba mwanamke mwenye heshima haimbi hivyo, tulikuwa hatujui kwamba heshima ya mwanamke wa Dar es Salaam, aliyelala kaburini bila haki, ilipata kulindwa na mwimbaji peke yake.

Wala watu hawakumwacha Siti astarehe. Walimtukana kwa sura yake. Walimkumbusha kaniki aliyovaa siku alipoingia mjini. Walisema pasipo sauti angekufa njaa. Alijibu kwa nyimbo, akaendelea mpaka uzee, akafa mwezi wa Julai mwaka 1950.

Hapa najua (tusameheni, tumezoea kusahihisha madaftari, na kalamu yetu leo imejisahau yenyewe, tulitaka kusema "twajua") kwamba wako wasomaji watakaotukatiza. Watasema, "Mwalimu, huyu unayemlilia hakusahauliwa. Chanda chema huvikwa pete, na Siti amevikwa. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Unataka nini zaidi?"

Twakubali yote hayo. Walakini tutazame pete ile imevikwa kwa namna gani. Ukimwuliza mtu wa pwani habari za Siti, atakuambia kwamba alikuwa ajabu, kwamba hakutokea wala hatatokea kama yeye. Ni sifa kubwa, nasi tumeisema mara nyingi. Lakini ajabu haina mrithi. Kondoo akizaliwa na vichwa viwili watu huja kutoka mbali kumtazama, wala hakuna mfugaji anayebadili zizi lake kwa ajili yake. Mwanamke akisha kuitwa ajabu, kanuni hubaki pale pale ilipokuwa: wanawake hawaanzishi, isipokuwa yule mmoja. Tumemwinua juu sana kiasi kwamba hakuna awezaye kukanyaga alipokanyaga. Hiyo nayo ni namna ya kusahau, tena yenye hila, kwa sababu hufanana na kukumbuka.

Ziko namna nyingine. Kila siku watu kwa maelfu hupita katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, hapa mjini, wakiwa wamebanana garini, na jina lake hutamkwa na makondakta. Wengi humjua kuwa mwanamke wa siasa. Ni kweli. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Mwaka 1955 alishika uongozi wa wanawake wa TANU. Na wanawake wakaingia katika chama kwa wingi uliowashangaza wanaume. Lakini aliwapataje? Hakuwapata kwa karatasi, maana wengi hawakusoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji, kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji huu ulikuwa umejaa vikundi vya kinamama vya namna hiyo, kila kimoja kikiwa na viongozi wake, sare zake na michango yake. Alikwenda kwa watu waliokwisha kumsikia. Sauti iliyozoea kuongoza ngoma iliongoza mkutano, na Uhuru ukaja ukipitia katika kinywa cha mwimbaji. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka 1972, na miaka mingi ikapita jina lake likitajwa kwa sauti ya chini. Alifariki mwaka 2000. Siasa yake imerudishiwa heshima, na barabara ni shahidi. Uimbaji wake umeachwa nje ya kibao, kana kwamba ulikuwa mchezo wa ujana tu kabla ya kazi yenyewe kuanza. Sisi twaona kwamba kazi ilianzia pale.

Na yule wa tatu twamtaja kwa sababu ya magitaa. Watu hudhani gitaa la umeme liliingia katika nyimbo zetu kwa mikono ya wanaume wa bendi za dansi, likakaa huko. Lakini Tanga, katika miaka ya 1960, chama cha Black Star kiliiondolea taarab wingi wa vyombo vya kale, kikaitia gitaa la umeme na besi, na mwendo wa kuchezeka. Na sauti iliyosimama juu ya magitaa hayo ilikuwa ya msichana, Shakila Saidi, aliyezaliwa Pangani mwaka 1947. Baadaye aliimba na Lucky Star, kisha katika taarab ya Jeshi la Wananchi. Alifariki Mbagala, katika wilaya ya Temeke, mwezi wa Agosti mwaka 2016. Mbagala si mbali. Mwalimu wa Tandale angeweza kwenda kumwamkia na kurudi kabla ya magharibi. Hatukwenda. (Kulikuwapo pia hapa Dar es Salaam, katika miaka hiyo ya 1960, bendi ya wanawake iliyoitwa Women Jazz. Tuwaulize vijana wetu kama wamepata kuisikia.)

Sasa turudi uchochoroni, maana sasa tunao ufunguo wake. Singeli ilipokuwa changa, watengenezaji wake walichukua vipande vya taarab, ile taarab ya kisasa iliyotawaliwa na akina Khadija Kopa na wenzake. Wakakata mahali ambapo vyombo hupiga peke yake, wakapazungusha, wakapatia mbio, na juu ya kipande hicho vijana wakaghani. Tena muziki wenyewe ulilelewa katika sherehe za kinamama wa mitaa hii, zile ziitwazo vigodoro. Ebu tulitazame jambo hili polepole. Nyimbo zilizobebwa na waimbaji wanawake zilichukuliwa, sauti ya mwanamke ikaachwa kwa kuwa haikuhitajika, vyombo vikabaki, na penye nafasi iliyoachwa wazi akasimama kijana. Hatusemi kwamba vijana waliiba. Hawakuwa na fedha ya kununua vyombo, wakafanya cherehani ya vipande walivyoviokota, na huo ni ustadi wa maskini, nasi twauheshimu. Twasema tu kwamba msichana alipouliza kama hakutokea mwanamke aliyetangulia, jibu lilikuwa likipigwa kila Jumamosi nje ya dirisha letu, likiwa limekatwa ulimi.

Jambo hili si la pwani yetu tu. Huko Marekani uko muziki wa roki, wa magitaa ya umeme, ambao dunia nzima yaamini ulianzishwa na vijana wa kiume. Lakini kabla vijana hao hawajasikika, alikuwapo mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Arkansas, Sister Rosetta Tharpe, aliyelelewa kanisani akipiga gitaa tangu utoto. Alianza kutia sauti yake katika sahani mwaka 1938, akalipeleka gitaa la umeme na nyimbo za kanisa hata katika majumba ya starehe, na watu wa kanisa wengi wakamnunia. (Sisi tuliofundishwa na misheni twaijua nuna ile, tumeiona nyusoni mwa wazee wetu, na Jumatatu ile ilikuwa usoni petu.) Vijana waliokuja kuitwa waanzilishi walimsikiliza. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Mwaka 2018 ndipo alipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki huo. Na Big Mama Thornton, aliyeimba "Hound Dog" mwaka 1952, alisema kwamba malipo aliyopata kwa wimbo ule yalikuwa hundi moja ya dola 500. Elvis Presley aliuimba mwaka 1956, na leo mtu akiutaja wimbo humtaja Presley. Hatulaumu kwamba Presley aliuimba. Wimbo ukikatazwa kuhama hufa. Twauliza tu kwa nini wimbo ulipohama, jina la yule mama halikupanda gari moja nao.

Labda msomaji mwenye akili kali atatuambia hivi: "Kijana wa Tandale hakumsikia Siti hata siku moja. Hakumsikia Bibi Titi akiimba. Atadaiwaje deni ambalo hakulikopa?" Hoja hii ni nzito kuliko ile ya chanda na pete, nasi tulikaa nayo siku nyingi. Jibu tulilolipata ni la shambani. Mtu huzaliwa akakuta mnazi unazaa. Hakumjua aliyeupanda, hakumwomba aupande, hakutia sahihi popote. Hata hivyo akila nazi zake miaka yote, kisha akasimama mbele ya watu akasema, "Mnazi huu ulijiotea," amekosa. Kosa lake si kula. Nazi ziliwe, aliyepanda alitaka ziliwe. Wala si kutojua, maana hakuna ajuaye yote. Kosa laanza pale anapoulizwa naye akajibu kwa uhakika jambo asilolijua. Na huyo, wasomaji wetu, si kijana wa uchochoroni, ambaye hakuulizwa na mtu. Aliyeulizwa alikuwa mwalimu.

Tuungame na la nyumbani. Tulipokuwa wanafunzi wa misheni, aliyetufundisha kusoma muziki na kuzipanga sauti nne alikuwa mwanamke, mke wa mpishi wa shule, aliyejifunza kwa kusikiliza tu. Jina la padre aliyejenga kanisa letu twalikumbuka, na majina ya walimu wakuu watatu kwa kufuatana kwao. Jina la mama yule ilitulazimu kumpigia simu mwenzetu wa zamani tumwulize, na mwenzetu naye akamwuliza mkewe. Kila mara tupangapo sauti za kwaya twatumia vidole vyake.

Sasa yupo mmoja ambaye tulitaka kumpita, kisha tukaona kwamba kumpita kwenyewe ni sehemu ya kosa. Ni Fatuma binti Baraka, aitwaye Bi Kidude, wa Unguja, aliyejifunza kwa kuzisikiliza nyimbo za Siti, akaziimba mpaka uzee mkuu, akapiga ngoma kubwa kwa mikono yake mwenyewe, akafundisha wari unyago, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na watu wa ng'ambo ya bahari, akafariki tarehe 17 Aprili mwaka 2013. Alivuta sigara hadharani, alikunywa, na ndoa alizozikimbia hakuzificha. Baadhi ya wazazi wa shule yetu wakisikia kwamba tumemtaja darasani watakuja ofisini. Je, yampasa aliyefyeka njia awe pia mfano wa mwenendo? Sisi hatumfundishi mtoto sigara. Lakini tumetazama orodha ya wanaume tunaowasifu bila kusita, tukakuta kwamba hatukuuliza hata mmoja wao alikunywa nini wala aliacha wake wangapi. Mwanamume huulizwa ameimba nini. Mwanamke huulizwa kwanza ametoka nyumbani kwa ruhusa ya nani. Kama mizani ni ya haki, na ipime pande zote kwa jiwe moja. Na tena, panga linalofyeka msitu halibaki safi kama kisu cha mezani. Huenda mwanamke mpole kama tulivyompenda angalikaa nyumbani kama tulivyomtaka, na leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

Bado lile swali la pili: deni hupokewa na nani? Walio kaburini hawahitaji mikono yetu ipige makofi. Kuwapigia ni adabu njema, lakini sidhani, yaani hatudhani, kwamba wanasikia. Twaona deni hili lina desturi ya peke yake. Aliyelikopesha huwa mbele, na alipokeaye huwa nyuma. Msichana anayetaka kuimba leo katika Tandale hulipishwa kiingilio kile kile alicholipishwa Siti alipoingia mjini mwaka 1911: kwamba si kazi yake, kwamba aangalie sura yake, kwamba heshima yake iko mashakani. Siti alikwisha kukilipa. Bibi Titi alikilipa tena, na Shakila tena. Mahali ambapo jina la aliyelipa limepotea, mlinda mlango hudai upya, na kila msichana hufika akidhani yeye ndiye wa kwanza kudaiwa, basi huona haya, hugeuka, hurudi nyumbani. Wavulana hawaupati mlango ule, maana wao huambiwa tangu utoto nani aliwatangulia. Sisi tulikuwa mlinda mlango siku ile ya ufagio, na tulidai.

Ijumaa iliyofuata tulichukua simu yetu na kipaza sauti kidogo tulichokiazima, tukawasikilizisha darasa la saba sahani ya Siti ya zamani. Mikwaruzo ilikuwa mingi, na watoto wakacheka, mmoja akasema bibi huyu anaimbia ndani ya kikaango. Tukawaacha wacheke. Tulipowaeleza habari ya mgeni wa Dar es Salaam na ya hakimu, kicheko kiliisha chenyewe. Kisha tukasema mbele ya wote kwamba Jumatatu tuliulizwa swali na mwanafunzi, tukajibu vibaya, na kwamba jibu letu lifutwe. Yule msichana aliinama akachora kitu kwenye daftari. Hatukutazama ni nini.

Mwisho wa kipindi alibaki nyuma ya wenzake, akauliza, "Mwalimu, huyo Siti kwao walimkubalia?"

Tukamwambia kwamba alikuwa mtu mzima alipoingia mjini, tena mfinyanzi, na kwamba watu walimsema sana.

"Mama atanisema pia," akasema. Akafikiri kidogo. "Lakini mama mwenyewe huimba, akipika."

Akachukua ufagio, maana zamu ilikuwa bado yake. Tulikuwa tumefika ukumbini tuliposikia mapigo yakianza sakafuni, na mwenzetu wa chumba cha pili akatoa kichwa mlangoni akauliza ni nani apigaye kelele saa hizi za masomo. Tukamjibu kwamba ni darasa letu, na kwamba kipindi hakijaisha.